Jamaika ya Mjomba Rashid

Katika nyumba ile ya udongo ya Ibra, Uarabuni, msimu ninaotaka kuusimulia, tulikuwa watu sita, na nitawataja wote ili msomaji asipotee. Alikuwamo babu yetu Said, mzazi wa baba yangu, aliyekaa Unguja miaka mingi akiuza vitambaa, kisha akarudi kwao akiwa mzee. Alikuwamo mkewe, Bibi Zayana, ambaye hakuwahi kufika mbali kuliko Al Qabil na ambaye katika Kiswahili alijua "njoo" na "kula", basi. Alikuwamo mama yetu, Raya, mzaliwa wa Malindi, Unguja. Alikuwamo dada yangu Moza, aliyekwisha kuanza kujitanda ushungi, na mimi Nasra, niliyekuwa bado nabadilisha meno. Wa sita ni Mjomba Rashid, kaka yake mama wa tumbo moja. Yeye hakulala pale kila siku, kwa kuwa alikuwa mpishi katika kambi ya watu waliokuwa wakitengeneza barabara ya kwenda Sur, lakini kila Alhamisi baada ya alasiri alikuja akakaa mpaka Ijumaa, na mimi namhesabu. Wa saba angekuwa baba yetu, Nassor. Yeye alibaki Unguja kumaliza mambo yake, akatuambia tutangulie.

Nyumba ilinuka ndimu. Bibi Zayana alizianika darini mpaka zikawa nyeusi na ngumu kama kokoto, na harufu yake ikashuka ndani ikachanganyika na ya udongo uliorashiwa maji na ya mbuzi wetu wawili, Warda na Ghazala, waliolala chini ya ngazi. Sisi tulikuwa tumetoka kwenye nyumba za mawe na chokaa, tumezoea asumini na karafuu, na siku za mwanzo nililia nikisema nyumba hii inanuka dawa. Maji yalitufikia kwa falaji, mfereji mwembamba uliopita chini ya mitende kutoka shamba hadi shamba. Nilikuwa naweka jani juu ya maji, nalifuata mbio mpaka ukuta wa jirani, nikiamini kuwa jani langu linakwenda baharini. Moza akanicheka. Akasema maji haya yanaishia kwenye mizizi ya mitende, bahari hapa hakuna, bahari iko Sur, na kwa njia ilivyokuwa wakati ule, Sur ilikuwa safari ya kutwa nzima ya vumbi. Nikaliacha jani likaenda lenyewe.

Habari ya baba ililetwa na mtu aliyeitwa Hilal, aliyekuja kutoka Maskati, naye alikuwa ameisikia kwa msafiri mwengine. Alikaa na Babu katika sabla, chumba cha wageni wanaume, mpaka kahawa ikapoa kwenye vikombe. Alisema Nassor alishikwa na homa, akalazwa, hakuinuka, na watu wema wamemzika. Zaidi ya hapo huyo msafiri hakujua. Babu alipoingia ndani kutuambia, mama hakupiga kelele. Alimuuliza mkwewe, ambaye alimwita Ami, swali moja tu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza njia.

"Wamemzika wapi, Ami?"

Babu hakuwa na jibu. Nadhani ni kukosa jibu huko ndiko kulikomtoa katika hali yake, maana alikuwa mtu mpole. Alisema kisiwa kile kimemla mwanawe, na kuanzia siku hiyo jina la kisiwa hicho lisitajwe ndani ya nyumba hii, wala jina la mtaa wake hata mmoja, na atakayelitaja akatafute pa kukaa. Kisha akatoka, akaenda kusimama kwenye falaji peke yake. Mama akainamisha kichwa. Hakuuliza tena, wala hakusema tena.

Ulimi wake haukuharibika, nisieleweke vibaya. Alisali, na midomo yake niliiona ikicheza. Lakini neno la kumwambia mtu halikumtoka. Alikalia eda katika chumba cha ndani chenye dirisha dogo linalotazama mitende, amevaa nguo kuukuu isiyo na ua, bila wanja, bila udi, bila mafuta ya nywele. Eda ya mfiwa ni miezi minne na siku kumi, na wanawake wa mtaa walikuja kumliwaza: Bi Shamsa, Bi Azza na bintiye Jokha, Bi Thuraya aliyekuwa na sauti nzuri ya kusoma, na Bi Rahma mwenye jicho moja. Walimsemesha kwa Kiarabu chao cha haraka, na Kiarabu cha mama kilikuwa cha kusalia na kuamkia tu, kwa hiyo walidhani hajibu kwa sababu ya lugha. Baadaye wakaona na chakula hali. Bibi Zayana alimpelekea wali, alimpelekea harisi, alimpelekea mkate mwembamba wa samli na asali, na sahani ilirudi kama ilivyokwenda. Tende mbili na maji, ndicho kilichokuwa chakula chake. Siku moja nilimsikia Bi Rahma mlangoni akimwambia Bibi Zayana kuwa huyu hatamaliza eda, huyu anamfuata mumewe. Kiarabu changu kilikuwa kidogo, lakini hilo lilinifika. Tangu hapo nikawa nalala miguuni pa mama, nimemshika kifundo cha mguu, nikikihisi kinavyopungua siku hadi siku ndani ya mkono wangu.

Mjomba Rashid alikuwa mfupi, mpana, mwenye mzaha, na kabla ya kuwa mpishi wa kambi alikuwa baharia. Alikuwa msaidizi jikoni katika meli za mizigo, na katika nchi zote alizozipitia, aliyopenda kuitaja ni Jamaika. Alifika mara moja tu. Meli ilitia nanga Kingston kupakia sukari, akaruhusiwa kushuka, akatembea bandarini, akanunua kofia, akarudi. Lakini kwa safari hiyo moja aliwachosha watu. Katika ukoo wetu mtu akianza kurefusha hadithi huambiwa, haya, huyo ameshafika Jamaika. Alhamisi ya kwanza baada ya habari ile, alikaa ukingoni mwa godoro la mama akamsemesha. Akamshika mkono, akamwita kwa jina lake la utotoni. Mama alikuwa ameelekeza uso ukutani. Mjomba akalia kidogo, akajipangusa kwa ncha ya kilemba, akatazama mlango kama mtu anayehakikisha nani yupo nje. Kisha akatuita mimi na Moza tukae mbele yake.

"Leo nawatoa kutembea," akasema. "Twendeni Jamaika."

Akaanza na Kingston. Bandari yake, alisema, ina ulimi mrefu wa mchanga ulioingia baharini ukaikinga na mawimbi, na nyuma ya mji kuna milima ya rangi ya buluu. Hayo yalikuwa kweli, nimeyaona juzi kwa macho yangu kwenye picha. Lakini tulipoteremka melini tu, mji ukageuka. Akatupitisha katika vichochoro ambavyo watu wawili wenye vikapu wakikutana lazima mmoja ageuze bega. Akatuonyesha milango mikubwa ya mbao iliyonakshiwa maua na kupigiliwa misumari ya shaba. Muuza kahawa akapita akigonganisha vikombe vyake. Ghalani pakanuka karafuu. Tukatokea ufukweni, na hapo watoto walikuwa wakijitupa majini kutoka ukutani, na muuza muhogo wa kuchoma akiupaka pilipili na ndimu. Nilifungua mdomo kusema, mbona hapa ni Forodhani kwetu. Moza akanifinya paja, akaisokota nyama mpaka machozi yakanitoka, nami nikafahamu. Nikameza jina.

"Halafu, mjomba?" nikauliza.

Tangu siku hiyo tukawa na nchi ya kwenda. Sisi watatu hatukuambizana kitu, na Mjomba hakutukonyeza hata mara moja. Kila Alhamisi ilikuwa mji mmoja au pwani moja, majina yote ameyaokota kwa mabaharia wenzake, na kila mahali alitueleza njia ya kufika, wakati mzuri wa kwenda na cha kubeba. Ukienda Ocho Rios, alisema, chukua mkeka, maana mchanga unachoma, na uteremke ngazi za pango ukanywe maji matamu yaliyo chini kabisa, baridi mpaka meno yanauma. Montego Bay unaifika kwa kufuata pwani, unapita magofu ya hamamu katikati ya minazi, kisha chemchemi ambayo mji wote unaitegemea, na hapo ndipo pa kununua mkate wa mofa kabla haujapoa. Negril ni mwisho wa nchi, kuna mnara wa taa na kasa wakubwa kama meza, na asiyejua kuogelea akae mbali. Mimi nilikuwa na ramani kamili kichwani. Mangapwani nilijua ni Ocho Rios, Bububu nilijua ni Montego Bay, Nungwi nilijua ni Negril, na ungeniuliza ningekujibu bila kutaja hata moja.

Bibi Zayana alikuwa akikaa kizingitini akichambua tende. Hakufahamu neno, lakini sauti ya mjomba ilimpendeza. Alimuuliza Babu hiyo Jamaika iko upande gani, nyuma ya Sur au upande wa Nizwa, na Babu akamjibu kwa mkato kuwa iko nyuma ya bahari mbili, ni mambo ya Rashid ya ubaharia. Akamuuliza mjomba mwenyewe, watu wa huko wanakula tende gani, khalasi au khunaizi. Mjomba kwa Kiarabu chake kibovu akakiri kuwa hawana mitende kabisa. Bibi Zayana akafikiri, kisha akasema, maskini, sasa kahawa wanainywa na nini. Alikuwa akiamini kwamba baina ya Alhamisi na Alhamisi mjomba huwa yuko huko, kwa hiyo kila Ijumaa akawa anamfungia kifurushi cha tende awapelekee wale watu. Mjomba alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa niaba yao, akaenda akazila kambini na mafundi wa lami.

Mama aliendelea kulala akitupa mgongo. Lakini Moza, ambaye macho yake hayakupitwa na kitu, aliniambia nimtazame vidole. Siku zote alikuwa akivuta tasbihi, punje kwa punje. Mjomba alipoanza kusimulia, punje zilisimama. Zilipoanza tena kwenda, ndipo tulipojua hadithi imekwisha.

Hofu yetu ilikuwa Babu. Wakati huo wa Alhamisi alikuwa sablani na wanaume wenzake, lakini alikuwa mtu anayeweza kuinuka wakati wowote akaingia kutafuta tambaa lake au dawa ya macho. Mtu aliyeishi Unguja ujana wake wote hangehitaji zaidi ya maneno kumi kujua yuko mtaa gani. Na kauli yake alikwisha kuitoa. Mjomba akifukuzwa, mama hangebaki na mtu wa kumsimamishia punje za tasbihi. Kwa hiyo Moza alikaa karibu na mlango na kazi yake ilikuwa kukohoa akisikia mkongojo. Alikohoa mara nyingi. Mjomba alikuwa na bahari kubwa aliyoihifadhi kwa dharura hiyo, na kila Moza alipokohoa tulijikuta tumerudi melini, mawimbi yanatupiga, mpishi anamwaga mchuzi.

Eda ilikuwa imevuka nusu tulipofika Port Antonio. Hapo, alisema mjomba, ni upande wa mashariki, pwani ya kupunga upepo. Siku za joto watu wa mjini huhamia na magodoro, masufuria na kuku wao, katika nyumba zilizopangana mbele ya ghuba. Maji yakitoka yanatoka mbali mpaka wanawake wanayafuata kwa miguu kuokota chaza, na yakirudi yanarudi taratibu, unageuka tu unayakuta. Nilijua tuko Chwaka. Nilijua pia, kwa kuwa mama alikuwa akitusimulia zamani, kwamba huko ndiko walikokaa yeye na baba walipooana. Mjomba akaanza kutueleza njia. Ukitoka Kingston, akasema, unakwenda, unakwenda, unakuta magofu ya jumba la mwinyi upande wa kushoto, halafu ndipo unavuka daraja la mto.

"Daraja kwanza."

Ilikuwa sauti kavu, imekwaruza, na ilitoka ukutani. Hakuna aliyejitikisa. Bibi Zayana aliacha tende mkononi.

"Daraja kwanza, kaka. Magofu ni mbele."

Mjomba hakumgeukia. Alibaki akitutazama sisi watoto, akasema polepole, "Kweli, mdogo wangu. Ubongo wa mtu wa jikoni, umejaa moshi. Daraja kwanza. Na lile gari lilituharibikia wapi, kabla ya magofu au baada?"

"Baada. Na usije ukawaambia watoto kuwa ulilitengeneza wewe. Alilitengeneza Nassor. Wewe ulikaa kivulini ukala nanasi letu lote."

"Nusu," akasema mjomba.

"Lote," akasema mama, na hapo ndipo alipoanza kulia, kilio cha sauti, cha kwanza tangu Hilal aje. Mjomba akamshika mabega. Na sisi tulipogeuka tukamwona Babu amesimama mlangoni, viatu mkononi. Moza alisahau kukohoa. Hatukujua amesimama tangu wapi, tangu daraja au tangu mjini. Alimtazama mama, akamtazama mjomba, akageuka akaenda zake.

Ijumaa nzima hakumsemesha mjomba. Walikwenda msikitini pamoja wakarudi wameachana hatua kadhaa. Mjomba akaondoka na kifurushi chake cha tende, na mama akarudi kwenye ukuta wake, sasa akiwa na huzuni ya pili, kwamba amefungua kinywa na kumponza kaka yake. Wiki ile hata tende mbili hakula. Bi Rahma alikuja akamgusa paji la uso, akaondoka akitikisa kichwa. Bibi Zayana aligombana na Babu chumbani mwao, kwa sauti ya chini, na neno nililolisikia lilikuwa "mayatima". Hakujua kosa la Rashid ni nini. Alijua tu kwamba mkwewe alisema, kisha akanyamaza tena.

Alhamisi ikafika, alasiri ikapita, mjomba hakuonekana. Tulikaa na Moza juu ya ngazi, mbuzi wakitutafuna nguo. Alipotokea, jua limeshaanza kulala kwenye mitende, Babu ndiye aliyempokea nje. Tulidhani anamrudisha. Badala yake alimshika mkono kama anavyoshikwa kipofu, akampitisha sablani, akampitisha uani, akaingia naye mwenyewe chumba cha ndani. Akaketi kwenye mkeka, akaweka kidevu juu ya mkongojo.

"Endelea," akamwambia. "Mlikuwa mmefika Port Antonio."

Mjomba akaanza, na sauti yake haikuwa yake. Akataja ghuba, akataja nyumba za kupunga upepo, akataja maji yanavyotoka. Babu alisikiliza macho yakiwa chini. Mara moja akatia neno, akasema chaza wa huko wakubwa, na hakuna aliyethubutu kumtazama. Kisha akauliza.

"Huko Jamaika, Rashid. Mgeni akifa, wanamzika wapi?"

Mama akageuka. Aliinuka akakaa, akajiegemeza kwa mkono mmoja, akamkazia kaka yake macho. Lilikuwa ni swali lake. Mjomba Rashid aliondoka Unguja siku moja na sisi, katika meli moja na sisi. Alichokijua juu ya kaburi la baba yangu ndicho tulichokijua sisi sote. Alikunja na kukunjua kilemba chake mapajani.

"Wanamzika huko huko Port Antonio, Ami," akasema. "Nyuma ya msikiti mdogo, pale ardhi inapopanda kidogo. Ni mchanga mtupu, mweupe, hausumbui kuchimba. Wanaweka mawe mawili ya bahari, moja kichwani, moja miguuni. Upepo hauachi."

"Wanamsalia?"

"Wanamsalia. Mtaa mzima unatoka."

"Na jina lake wanalijua?"

"Wanalijua, Ami. Wanamwita kwa jina lake na la baba yake."

Babu akaitikia kwa kichwa, tena na tena. Kisha akainua mikono kuomba dua, nasi tukainua. Dua ilikuwa ya Kiarabu, na ndani yake alitaja Nassor bin Said, kwa hiyo Bibi Zayana, ambaye mpaka hapo hakufahamu kilichopita, aliinua mikono yake yenye utomvu wa tende akaitikia amina kwa sauti kuliko sote. Alipomaliza, Babu alisimama kwa kujishikilia begani kwa mjomba, akamwambia mama, "Haya, mwanangu. Umeshajua alipo. Sasa kula."

Mama akala. Ulikuwa wali mweupe na papa mkavu wa kutoka Sur, na mchuzi wa zile ndimu nyeusi. Alikula polepole, machozi yakimdondoka kwenye sahani, na Bibi Zayana alikaa mbele yake akimwambia "kula, kula", kwa Kiswahili chake.

Alimaliza eda. Wale wale wanawake walikuja wakamwosha, wakamvisha nguo mpya, Bi Rahma akamtia udi. Aliishi Ibra mpaka uzeeni, akajifunza Kiarabu cha mtaani mpaka akawa anagombana nacho sokoni. Babu hakuiondoa kauli yake mpaka siku ya kufa, na hakuna aliyemwomba aiondoe. Sisi tulikuwa na Jamaika. Mvua ikinyesha mama alisema leo kunanuka Jamaika. Nazi ikipatikana Maskati, ni nazi ya Jamaika. Babu alipougua ugonjwa wake wa mwisho alimuuliza mjomba kama upepo bado unavuma kule, na mjomba akamwambia unavuma. Mjomba naye akafa, na sikuwahi kumuuliza kama siku ile ya daraja alikosea au alikosea kusudi.

Mama nilimuuliza. Jina lilikuwa halizuiliwi tena, na tulikuwa sote wawili tunatoa kokwa za tende. Nilimuuliza kama aliamini habari ya lile kaburi. Alisema, "Rashid tulipanda naye meli moja, Nasra. Angejulia wapi?" Akatoa kokwa kadhaa. Kisha akasema, "Babu yako alikuwa akinitazama. Alikuwa amechoka. Na yeye alijua kama ninavyojua mimi." Nikamuuliza, basi mkafanyaje. Akasema tukala.

Mama alipofariki, mwanangu, ambaye nilimpa jina la baba, alinipeleka Unguja. Nilikwenda Chwaka. Njiani daraja ndilo linalotangulia, na magofu yako mbele, mama alikuwa sahihi. Nyuma ya msikiti mdogo ardhi inapanda, na kuna mchanga mweupe, na kuna makaburi yenye mawe ya bahari. Mzee mmoja wa pale, Makame, mtu mwenye adabu sana, alitutembeza kaburi kwa kaburi akitutajia wenyewe, huyu mama yangu, huyu fundi cherehani, huyu mtoto wa fulani. Tulipofika mwisho akasema, "Huyo wenu hayumo, mama. Wote hawa nawajua." Tukarudi mjini tukauliza kwenye maziara. Watu walitusaidia walivyoweza. Makaburi mengi hayana jina. Tukasimama tukawasomea wote.

Mwaka huu mjukuu wangu Asma na mumewe wamekwenda kutembea Jamaika yenyewe. Walichagua wenyewe, mimi sikusema kitu. Amerudi akaniketisha akanionyesha picha kwenye simu, Kingston na barabara zake pana, Ocho Rios ambako watu wanapanda maporomoko ya maji wameshikana mikono, Negril na majabali ambayo vijana wanajirusha kutoka juu yake, Port Antonio yenye milima ya kijani inayoteremka mpaka baharini na maji ya buluu ya kina kirefu yasiyotoka popote. Pazuri, sitasema uongo. Nilimwambia arudie zile za Port Antonio, akarudia, akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia natazama tu. Siku hizi katika nyumba yetu Unguja inatajwa kutwa. Wajukuu wanakwenda kwa ndege, saa chache tu, wanakaa siku za mapumziko wanarudi wakilinganisha hoteli, ipi ina chakula kizuri, ipi mchanga wake laini, na Chwaka wanaipita tu njiani kwenda pwani nyengine. Nafurahi kuwa jina ni jepesi vinywani mwao. Mimi likinitoka bado natazama mlango kwanza. Na ninapomsomea baba yangu, moyo hauendi Unguja, ambako yumo. Unakwenda Port Antonio, kwenye msikiti ambao Asma hakuuona.

Ndivyo ninavyoyakumbuka. Wale wengine watano wote wametangulia, na Moza ndiye aliyekuwa akinirekebisha. Huenda pango lilikuwa la Negril na si la Ocho Rios, huenda Bi Thuraya hakuwa na sauti nzuri bali ni Jokha. Anayejua zaidi anisahihishe, sitaona vibaya. Na kama yupo mtu, wa Unguja au popote, ambaye mzazi wake alipata kumsimulia kwamba zamani walimbeba mgeni aliyekufa kwa homa, mtu mrefu, kovu la moto mkono wa kulia, mkewe na binti zake wametangulia Uarabuni, na akajua walimlaza wapi, huyo naye tafadhali anisahihishe.